Shukrani kwa dada wa kanga ya kijani

Dada yangu, jina lako sikuuliza. Tulikaa benchi moja Muhimbili, mimi nikisubiri kuonana na daktari wa upasuaji. Titi langu la kushoto lilikatwa mwaka juzi, na kila niliyemwambia nataka kutengenezewa jingine alinijibu nishukuru uzima, mambo ya urembo niyaache. Wewe hukusema hivyo. Ulinishika mkono tukaingia chooni, ukafungua blauzi ukanionyesha lako: msuli na ngozi vilivyotolewa mgongoni, vikapitishwa chini ya kwapa hadi kifuani. Kovu refu pia ulinionyesha. Hukunificha kwamba ngozi hubaki na ganzi, na kwamba mgongo huvuta kwa wiki kadhaa, ndoo usiiguse.

Na ile mbinu ya kufunga kiunoni, kwa kipande cha kanga, chupa za mirija inayotoa majimaji kwenye kidonda baada ya upasuaji! Manesi walicheka, kisha wakamwonyesha mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Nimefanyiwa, nimepona. Jumapili nilivaa gauni bila kujaza vitambaa kwenye sidiria. Ile kanga uliyonifunika nilipolia bado ninayo, dada. Nimeifua na kuipiga pasi.