Somoe, tuiangalie kwanza hiyo asilimia 31

Shangani, Mtwara

Mpendwa Somoe,

Salamu nyingi, na pole kwa kumuuguza mdogo wako. Nakuomba asikubali kutolewa kibofu cha nyongo kwa sababu ya hiyo asilimia 31 peke yake, yaani kiasi cha nyongo ambacho skani ya Dar es Salaam inasema kibofu chake kilikamua. Kwanza tujue ilivyopatikana.

Altrasaundi ya huko Lindi haikuona mawe, na kwa mawe yaliyo ndani ya kibofu inaaminika: huyaona zaidi ya mara tisa katika kumi. Jiwe hung'aa, nyuma yake kuna kivuli cheusi, na mgonjwa akilala ubavu wa kushoto linabingirika. Yanayoponyoka ni ya chini ya milimita 3, na yale yaliyoshuka kwenye mrija wa nyongo yakafichwa na gesi ya utumbo. Lakini kama alikunywa chai ya maziwa asubuhi ile, kipimo kirudiwe. Kibofu kilichokwisha kujikamua husinyaa, kuta zake zikaonekana nene, na jiwe hujificha humo. Akae saa 6 hadi 8 bila kula.

Sasa hiyo skani ya Dar es Salaam. Anachomwa mshipani dawa yenye teknishiamu, inayotoa mionzi kidogo, ini linaichuja, kibofu kinajaa, halafu anapewa sinkalaidi ili kikamuke huku kamera ikihesabu. Makosa mengi yanaingilia hapo kwenye sinkalaidi. Kiwango ni mikrogramu 0.02 kwa kila kilo, yaani 1.2 kwa mtu wa kilo 60, ipitishwe taratibu kwa dakika 60. Kwa njia hiyo, asilimia 38 kwenda juu ni kawaida. Ikisukumwa kwa dakika 3, hata asiyeumwa hubanwa tumbo, na namba inaweza kushuka bila ugonjwa. Kwa hiyo akisema "niliumia walipoidunga", hilo halithibitishi chochote.

Muulize pia alimeza nini siku zile. Akiumwa tumbo lazima alipewa kitu. Buscopan hukilegeza kibofu; tramado na kodeini huubana mlango wa mrija, nyongo isipite; nifedipini ya presha nayo hupunguza kukamuka. Panadol haina neno. Na kama alipimwa akiwa amelazwa, anaumwa sana, namba hiyo siiamini kabisa.

Umeuliza kama anaweza kupimwa huku kwetu kwa altrasaundi kabla na baada ya chakula cha mafuta. Inawezekana, ila inategemea sana mkono wa mpimaji. Ujazo wa kibofu ni urefu mara upana mara kina mara 0.52: sentimita 7, 3 na 3 ni kama mililita 33. Akikosea nusu sentimita tu kwenye upana na kina, akaandika 2.5, zinabaki 23. Karibu theluthi imepotea na kibofu hakijakamuka hata kidogo! Apimwe na mtu yuleyule, na anywe maziwa yasiyoondolewa mafuta. Wanaompa korosho wanakosea: mafuta zinayo, lakini hukaa tumboni muda mrefu, na saa ya kupima inapita kabla hazijashuka.

Kwangu mimi maumivu yenyewe yana uzito kuliko namba. Ya nyongo hukaa juu ya tumbo au chini ya mbavu za kulia, hudumu nusu saa au zaidi, hayatulizwi na choo wala dawa ya kiungulia. Kama yake ni kujaa gesi na kuungua kila siku, upasuaji hauelekei kumsaidia.

Nipigie picha ripoti nzima, siyo mstari wa mwisho tu. Nataka kuona dakika za sinkalaidi.

Wako,
Mwanahawa