Tangi Limejaa Maji, Samaki Wako Wapi?

Sisi tunaofunga matangi ya samaki, malalamiko haya tumeshayazoea. Tangi la maji chumvi limefungwa, mawe yamepangwa yakapendeza, pampu zinazunguka, hita imeshika nyuzi 26, na wiki ya tatu inakatika bila samaki hata mmoja. Mteja anapiga simu: "Nimetoa hela yote ile nikae natazama mawe?" Hilo tunalivumilia. Linalotuuma ni lile linalofuata, kwamba tunavuta siku ili tuendelee kulipwa kwa kuja kupima maji. Majuzi mmoja alisema waziwazi kuwa tumemtapeli, akanunua samaki kwingine na kuwatia mwenyewe. Basi tunaandika, ili atakayeuliza kesho tumtumie makala tusibishane.

Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua. Kinyesi na mabaki ya chakula vikioza navyo hutoa amonia hiyohiyo. Baharini maji ni mengi na viumbe vya kuila havihesabiki. Katika lita 200 zilizozungukwa na kioo haina pa kwenda. Tena maji chumvi yana ubaya wake: pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, inatakiwa iwe kati ya 8.1 na 8.4, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika hali yake yenye sumu. Ndiyo maana mtu aliyefuga samaki wa maji baridi kwa miaka, akizoea kuwatia siku ya pili na wakapona, akija kwenye maji chumvi anashangaa wanamfia wote.

Kinachotakiwa ni bakteria. Kundi la kwanza, akina Nitrosomonas, huigeuza amonia kuwa nitriti. Kundi la pili, akina Nitrospira, huichukua nitriti na kuifanya nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia ikiwa kidogo. Wote ni wazito wa kuzaana. Bakteria wa kuozesha wanaweza kuongezeka maradufu ndani ya nusu saa. Hawa wanataka nusu siku au zaidi. Na kundi la pili halipati cha kula mpaka la kwanza limeshafanya kazi yake. Hapo ndipo wiki zinapoishia, na hakuna fundi mwenye swichi ya kuwaharakisha.

Sasa tuje kwenye mawe, maana ndiyo yanayobeba kazi yote. Jiwe hai ni mifupa ya zamani ya matumbawe, yenye vitundu hadi ndani, na bakteria wamejaa humo. Juu kuna hewa ya kutosha, hapo amonia na nitriti zinashughulikiwa. Ndani kabisa oksijeni inakwisha, na humo wanaishi wengine wanaoivunja nitrati ikawa gesi ya naitrojeni ikatoka zake. Tatizo ni kwamba jiwe linaposafirishwa limefungwa kwenye magazeti mabichi, sifongo, minyoo na mwani uliomo hufa kwa wingi. Likiingia tangini linaoza. Amonia hupanda hadi rangi ya kipimo inakuwa kijani cha kutisha, na chumba kinanuka kama mayai viza.

Kwa hiyo sisi tunayakomaza mawe kwanza, nje ya tangi lako. Yanakaa kwenye mapipa yenye giza, maji chumvi ya joto, pampu yenye nguvu na skima, chombo cha kutoa uchafu kwa mapovu. Tunayapiga brashi, tunatoa vilivyooza, tunabadilisha maji, tunanusa. Ndiyo, tunanusa: jiwe lililokomaa linanuka bahari tu. Wakati huo jiwe linapungua uzito, na chumvi inakwenda na kila maji tunayomwaga. Mteja anapotuambia kuna mahali wanauza kilo kwa nusu ya bei yetu, tunamjibu kwamba ni kweli, ila huyo anamuuzia pamoja na vinavyokufa, na kazi ya pipa ataifanya sebuleni kwake.

Hata jiwe lililokomaa likihamishwa linapoteza kidogo, ndiyo maana bado tunasubiri na kupima. Kwa mawe yaliyokomazwa vizuri tangi linaweza kuwa tayari baada ya wiki mbili hivi. Kwa mabichi, mwezi hadi miezi miwili si ajabu. Hatuandiki tarehe kwenye risiti, na hatutaandika.

Njia za mkato ndizo zinazotuletea kazi nyingi. Kuna mama mmoja alikerwa na harufu, tukiwa tumemwachia maagizo asiguse kitu. Akatoa mawe yote, akayasugua kwa maji ya bomba na sabuni mpaka yakang'aa. Klorini ya bombani imewekwa humo iue bakteria, na iliwaua. Sabuni nayo ikajificha kwenye vitundu. Mawe yale hayakurudi tangini. Tulianza upya na mawe mengine, na safari hii alilipa mara mbili. Ukichoshwa na harufu, washa skima, weka kaboni ya kunyonya harufu, fungua dirisha.

Wengine huyachemsha ili kuua wadudu. Tafadhali sana, usifanye hivyo. Jiwe linaweza kuwa na zoantha, jamaa za matumbawe, na baadhi yao wana sumu iitwayo palitoksini. Joto la jikoni haliimalizi, na mvuke wake umeshalaza watu hospitalini, familia nzima pamoja na mbwa wao.

Kisha kuna wa kuokota ufukweni. Sehemu nyingi ni kosa kisheria, na mawe ya matumbawe yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, maana yake kuyavusha mpaka kunataka kibali. Hatupokei kazi ya tangi lenye mawe yasiyo na karatasi.

Ila njia ya mkato tunayoichukia zaidi ni ile ya kutia damseli, samaki wadogo wakali, watatu wanne "waanzishe tangi". Ni ushauri wa zamani na bado unauzwa madukani, kwa kuwa damseli ni wagumu na bei yao ni ndogo. Wanaungua matamvua wakihema juu ya maji, baadhi wanakufa, na wanaopona ndio balaa. Damseli aliyetangulia huliona tangi lote ni shamba lake. Mteja wetu mmoja alikaa na mmoja wa buluu aliyewararua samaki klauni wawili na kumkosesha usingizi samaki mwingine wa bei kubwa kuliko wote. Tukaitwa kumtoa. Samaki yule hashikwi kwa wavu huku mawe yamepangwa. Tulibomoa mpango mzima, jiwe moja baada ya jingine, mchanga ukatibuka, amonia ikapanda tena. Ankara ya siku hiyo ilimkasirisha, na tukamwonyesha tulivyoandika tangu mwanzo.

Kuhusu chupa za bakteria: zinasaidia zikiwa mpya na zilizohifadhiwa vizuri, nasi huzitumia, hasa kwa mawe makavu yasiyo na uhai wowote. Hayo ni mazuri kwa anayeogopa wageni. (Jiwe hai liliwahi kutuletea mantisi, yule wa jamii ya kamba, aliyekuwa akigonga usiku kucha hadi mwenye nyumba akadhani kioo kinapasuka.) Lakini jiwe kavu halina kinachooza, hivyo lazima tuwalishe bakteria amonia kwa kipimo, na muda unaongezeka. Anayekuambia umimine chupa asubuhi na samaki kumi jioni anataka kuuza chupa na samaki kumi.

Katika kipindi hiki taa tunaziacha zimezimwa, mwani usipate nafasi. Maji yanayopungua kwa kukauka unaongeza ya bila chumvi, yaliyochujwa kwa osmosisi, kwa kuwa chumvi haikauki pamoja na maji. Refraktomita, kile chombo cha kupima chumvi, ibaki 35 kwa elfu. Ukisikia "yaache maji ya bomba usiku kucha klorini itoke", kumbuka kwamba klorini hutoka, ila kloramini, dawa nyingine inayotiwa maji ya bomba, haitoki. Vumbi la kahawia juu ya mchanga ni daiatomu, aina ya mwani mdogo sana, litakuja na litapita. Usinunue konokono wa kulila vumbi hilo kabla amonia na nitriti hazijashuka, nao watakufa.

Tangi liko tayari lini? Tunatia amonia kufikia miligramu 2 kwa lita. Baada ya saa 24 tunapima: amonia sifuri, nitriti sifuri. Ikibaki hata kidogo, tunasubiri, hata kama mteja amesimama nyuma yetu na mwanawe analia anataka "Nemo", yule klauni wa filamu. Ikipita tunabadilisha maji mengi kushusha nitrati, kisha anaingia samaki mmoja, au klauni wawili wadogo. Bakteria waliopo wanatosha mzigo uliopo. Ukiongeza samaki sita siku moja, amonia inarudi, na simu inapigwa kwetu tena.

Safari za kupima ambazo watu wanazilalamikia zimo katika bei uliyoambiwa siku ya kwanza. Tukija mara ya ziada kwa sababu amonia imechelewa kushuka, hatuongezi kitu. Tunaongeza pale tu tunapokuta mawe yameoshwa au samaki wameingia bila sisi kujua, na hilo limeandikwa ukurasa wa pili wa makubaliano.

Na kama tangi lako leo limegeuka jeupe kama maziwa, usimwage maji wala usitie dawa. Mara nyingi ni bakteria wanaochanua, na huondoka wenyewe. Hakikisha pampu inatikisa uso wa maji, pima amonia, kisha ututumie picha ya kipimo kando ya kadi yake ya rangi, iliyopigwa kwenye mwanga wa mchana. Picha ya tangi haituambii kitu.