Barua kwa Mwanangu Aliye Pozzuoli

Malindi, Ijumaa 14 Machi 2025

Mwanangu Mwanaisha,

Assalam alaykum. Sisi hatujambo, sukari ya mama yako imetulia, na saumu Mungu ametujaalia kufika hapa tulipofika. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Nikifungua mdomo tu, "Baba, huku tumezoea." Kaka yako ataipiga picha karatasi hii akutumie.

Hama huo mji wa Pozzuoli hapo karibu na Napoli, mama.

Juzi usiku tulikuwa kwenye daku, mama yako ananimiminia chai, kumbe saa hiyohiyo wewe unateremka ngazi umejitanda shuka. Tetemeko la 4.6, mtaa wa Bagnoli mama wa watu kaangukiwa na dari, watu wamelala magarini, na wewe unamwandikia kaka yako, unamwambia asituambie! Mimi nimekuja kuyajua jana jioni, tena kwa yule Mnapoli wa pizza hapa mtaani.

Unajua Alhamisi ndiyo siku yangu ya kwenda kwake kuchukua pizza ya marinara ya kufuturu. Pizza Malindi hatukuzikosa tangu Waitaliano waje na roketi zao Ngomeni miaka ya 1960, lakini yake ndiyo ya Napoli hasa: tanuri la matofali la kuba, kuni za mvinje, joto linapita nyuzi 430, na kwa dakika moja na nusu imeiva. Wenzangu wa barazani husema katikati ni mbichi. Si mbichi, ndivyo inavyotakiwa. Ukingo umefura na madoa ya moto, katikati laini, unaikunja mara nne kama leso unakula huku unatembea. Nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, basi. Haina jibini wala nyama ya kumtia mtu shaka. Moshi wa pale ukinipiga puani sipo Malindi tena, niko mwaka 1983, kijana wa melini, natoka bandarini napandisha vichochoro mpaka Via dei Tribunali, nguo zimeanikwa juu kama matanga, na hakuna anayeniuliza natoka wapi kabla hajaniuliza kama nimekula. Bandari nilizozijua ni nyingi. Ile ndiyo niliyoipenda.

Jana nilimkuta yule bwana kasimama mbele ya tanuri, simu sikioni, mikono imejaa unga, anampigia dada yake Pozzuoli. Alipokata akaniuliza, "Na binti yako?" Nikamjibu binti yangu hajambo, angekuwa na neno angetwambia. Nilimwambia uongo bila kujua, Mwanaisha. Muadhini akaadhini, nikavunja saumu kwa maji na tende, pizza nikairudisha nyumbani nzima.

Usinieleze bradisismo ni nini, hiyo ardhi kupanda na kushuka. Niliiona kabla hujazaliwa. Mwaka ule tulipanda treni ya Cumana pale Montesanto, hiyohiyo unayopanda wewe, tukaenda Pozzuoli kutazama. Ardhi ilikuwa imeinuka, gati limepanda, mashua zimekaa kwenye tope mahali ambapo zilikuwa zikielea. Ilipotulia mwaka 1984 walipima karibu mita 1.8. Wenyeji waliondolewa kwa maelfu mengi, wakajengewa mji mpya Monterusciello. Nikaziona na zile nguzo za soko la Kirumi zilizotobolewa na kome wa baharini, matundu yako juu kuliko kichwa changu, na mimi si mfupi. Bahari ilishafika pale juu ikarudi. Mtu wa pwani akiona alama kama ile haweki kitanda chake hapo.

Najua utaniambia ukihamia mjini Napoli kuna volkano ya Vesuvio upande wa pili. Hiyo imenyamaza tangu 1944. Ya kwako hapo Pozzuoli inakuamsha usiku. Sijakwambia urudi, nimesema uhame. Kodi ikizidi, sema. Nina za korosho.

Tena usidhani sioni unayoyafanya. Pale chuo kikuu cha L'Orientale unakaa na vijana wa Kiitaliano unawafundisha ngeli, na mimi barazani kwangu hakuna asiyejua. Mzee Athumani hata salamu yangu anaikwepa sasa, maana anajua nitaishia kukusifu wewe. Lakini darasa haliko Pozzuoli, liko Napoli. Kwa nini ulale kwenye ardhi inayopumua ili uokoe euro mia?

Kuna neno la deni. Kulikuwa na mama mmoja mitaa ya Quartieri Spagnoli hapo Napoli akikaanga pizza mlangoni kwake. Desturi yao ya zamani, unakula leo unalipa siku ya nane, nami mshahara ulikuwa umechelewa. Meli iling'oa nanga siku ya tano. Nenda kaulize kama ana mtoto au mjukuu, umlipe za pizza mbili na zaidi. Asipopatikana mtu wake, toa sadaka kwa niaba yake. Wewe lakini ukinunua ya kukaanga uliza kwanza, ndani huwa wanatia cicoli, na hiyo ni nguruwe. Mimi siku zile sikuwa nauliza.

Barua ya mama yako kwamba dada yako amezaliwa ilinikuta Napoli hiyohiyo. Niliijibu tukiwa Marseille. Mama yako hakuwahi kuniambia kitu juu ya hilo, ila jana usiku, simu yako ilipokuwa haishiki, alisema, "Sasa unajua kungoja."

Makuti ya upande wa jikoni yameoza, na masika hayo yanakuja. Fundi anataka nusu mbele. Yule mbuzi mweusi kazaa wawili, mmoja tumemwandika jina lako. Omari kafeli hesabu tena, mpigie umseme, wewe anakuogopa. Mama yako anauliza lile sufuria kubwa la shaba ulimwazima nani kabla hujaondoka, maana Idi inakaribia na hapa halipo.

Nijibu la nyumba kwanza. La sufuria baadaye.

Baba yako