Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ras Mkumbuu na Vijiji Vyake

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheha wetu, wazee wetu, ndugu wanachama, na kinamama mliokuja moja kwa moja kutoka pwani,

Mkutano huu tulikuwa tuufanye wiki iliyopita. Niliupanga bila ya kuangalia mwezi, ukaangukia siku za bamvua, na mwenyekiti anayeita watu wa pwani mkutanoni siku ambayo maji yamekupwa mpaka mwambani ajue atahutubia mabusati. Bi Katibu ndiye aliyenizindua. Waliofika siku ile wakakuta mlango umefungwa nawaomba radhi.

Kwa wanachama wapya, nieleze kwanza tunashughulika na nini. Ukitoka Chake Chake, hapa kisiwani Pemba, kuelekea magharibi unapita Wesha, unafika Ndagoni, na kutoka hapo ardhi inazidi kuwa nyembamba, mihogo na minazi katikati, bahari huku na bahari huku, mpaka inakwisha. Pale inapokwisha ndipo penye magofu ya Mkumbuu: msikiti wa Ijumaa, makaburi ya nguzo, na kuta za nyumba ambazo nusu yake zimo kwenye majani. Jumuiya hii ni ya watu wanaoishi kwenye njia hiyo. Si jumuiya ya wataalamu, na wala haina mamlaka juu ya jiwe hata moja. Magofu yana sheria yake na yana idara yake. Sisi ni majirani tu, lakini jirani ndiye anayesikia ukuta ukianguka usiku.

Nianze na jambo zito, nisije nikalificha katikati ya maneno mengi.

Mwaka jana nilisimama hapa hapa nikasema, kwa sauti kubwa kidogo, kwamba ile miti ya jamii ya mtini inayoota juu ya kuta ndiyo adui yetu wa kwanza, na kwamba hatuhitaji mtaalamu kutoka popote ili kushika panga. Mkapiga makofi. Wiki mbili baadaye tulikwenda na vijana, tukauvamia mti mmoja uliokuwa umekaa juu ya kipande cha ukuta upande wa nyumba. Tulikata matawi, tukakata shina, kisha mimi mwenyewe nikasema tuung'oe na mizizi, tusiache kazi nusu. Mzizi mmoja mnene kama mkono ulikuwa umepita ndani ya ukuta kama uzi ndani ya nguo. Tulipouvuta ulitoka, na ukuta nao ukatoka. Mawe yalishuka taratibu, bila ya kishindo, kama gunia la karafuu lililotoboka. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah. Lakini pale palipokuwa na ukuta wa kufika kifuani sasa pana chungu ya matumbawe.

Baadaye tuliambiwa na mtu anayeijua kazi hii jambo ambalo tungeliambiwa mapema kama tungeliuliza. Mti ukishaingia ukutani miaka mingi, chokaa huwa imeshalika na mzizi ndio unaoyashika mawe. Unaukata juu, unauacha ufe, unaujaza ukuta kidogo kidogo kadiri mzizi unavyooza. Haung'olewi. Tuliripoti kwa wahusika siku ile ile, tukakubali kosa, na mawe yote tumeyaacha pale yalipoanguka bila ya kuyapanga upya kwa kubahatisha. Lawama ya hilo ni yangu. Vijana walifuata amri.

Funzo la pili la mwaka lilihusu saruji, na hapa najua tutagombana. Yapo maneno kwamba mifuko michache ya saruji ingemaliza kazi. Nami niliyaamini. Lakini nendeni mkatazame nyumba yoyote ya mawe ya zamani iliyopigwa lipu ya saruji: baada ya mvua mbili tatu lipu inatoa malengelenge, chumvi inachanua kama unga, na ukibandua unakuta jiwe la ndani limekuwa laini. Tumbawe linavuta maji na linataka kuyatoa. Chokaa inaliachia lipumue. Saruji inalifunga mdomo, na kwa kuwa ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, panapotokea ufa hupasuka jiwe. Waliojenga Mkumbuu walitumia tumbawe, chokaa, mchanga na boriti za mikoko, vyote vya hapa hapa, na kazi yao imesimama zaidi ya miaka 600. Mimi nina ukuta wa saruji nyumbani haujafika 20 na umeshaniinamia.

Tunao wazee wawili wanaojua kupanga tanuu la chokaa. Mmoja wao alituonesha kwa vijiti mchangani: magogo ya mnazi yanalazwa mduara kama gurudumu, katikati unaachwa uwazi wa kutia moto, matumbawe makavu yanarundikwa juu, na tanuu linaachwa liwake mpaka mawe yanyauke na kuwa meupe. Kisha inarowekwa. "Chokaa ya haraka ni kama wali wa haraka," alisema, "unakula lakini tumbo linakwambia." Ni lazima ikae majini wiki kadhaa ndipo iwe tamu kwa kazi. Nasisitiza, na masheha wananisikia, kwamba matumbawe tutakayochoma ni yale yaliyokufa na kutupwa pwani au ya nchi kavu. Hakuna atakayekwenda kuvunja mwamba hai kwa jina la jumuiya hii.

Kuhusu mawe yanayochukuliwa. Nilikusudia kusoma kifungu kikali hapa, lakini nimekifuta. Jamaa tuliyemkuta na msingi wa banda uliojengwa kwa mawe ya gofu si mwizi. Babu yake alichukua, baba yake alichukua, na hakuna aliyemwambia kwamba mawe yale ni ya mtu. Tulikaa naye, tukanywa chai, mawe mengi akayarudisha kwa punda, na sasa ndiye anayetupigia simu akiona mtu asiyemjua anazungukazunguka kule na chepe. Nawaomba wajumbe waliotaka apelekwe mbele wakubali kwamba hii ilikuwa njia bora.

Skuli zilitutembelea mara mbili. Mara ya kwanza mtoto mmoja aliniuliza kama msikiti ule ulijengwa na Wareno. Nilicheka, kisha nikaona si jambo la kuchekesha, maana baba yake aliyekuwa nyuma alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Kila gofu katika pwani hii tumelikabidhi kwa Wareno au kwa majini. Jamani, Vasco da Gama alifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498. Msikiti tunaouona unahesabiwa kuwa wa karne ya 14, na Mreno hajengi msikiti. Walioujenga walikuwa watu wa pwani hii, wakisema lugha ambayo tungeliisikia na kuielewa nusu yake.

Na mji wenyewe ni mkongwe kuliko msikiti huo. James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale, alichimba hapa katika miaka ya 1950. Mark Horton, mtaalamu mwengine wa fani hiyo, akaja katika miaka ya 1980, akashuka chini zaidi, na kukuta matabaka ya zamani zaidi. Kuna wanaoona kwamba hapa ndipo palipokuwa Qanbalu, mji wa kisiwani alioutaja al-Mas'udi, msafiri wa Baghdad aliyepita bahari hii kwa mara ya mwisho mwaka 916. Alisema wakaazi wake walikuwemo Waislamu wanaosema lugha ya Zanj, yaani ya watu weusi wa pwani hii kama Waarabu walivyowaita, na akaisimulia bahari yenyewe kwa hofu, mawimbi yake kama milima. Wengine wanabisha, na mabishano hayajesha. Mimi sitaki tubandike kibao cha "Qanbalu" mlangoni kama baadhi yenu mlivyopendekeza. Wageni watafurahi, lakini tutakuwa tumelifunga swali ambalo wenye elimu yake wameliacha wazi. Kibao kiandikwe Mkumbuu. Jina hilo halina ubishi.

Makaburi ya nguzo yalichukua muda mrefu wa safari ile ya skuli, kwa sababu watoto walitaka kujua kwa nini kaburi liwe na mnara. Yapo kutoka pwani ya Somalia mpaka kwetu huku. Kaole yapo, Kunduchi yapo, Malindi ipo nguzo kando ya msikiti. Aliyezikwa alikuwa mtu mkubwa, na mara nyingi nguzo au ukuta wa kaburi ulipachikwa mabakuli ya Kichina yaliyokuja kwa jahazi. Mengi yamebanduliwa zamani, mahali pengi pwani pamebaki vishimo vya mviringo tu. Binti mmoja alitia ngumi yake ndani ya kishimo, akasema, "Bakuli la uji." Nimelisimulia hilo nyumbani mara nyingi kuliko maelezo yangu yote ya siku ile.

Ile kazi ya kukusanya majina ya mahali imekwenda vizuri kuliko tulivyotarajia, na sifa ziende kwa kinamama wanaolima mwani pwani. Sisi wanaume tulileta majina ya vijiji na ya bandari ndogo ndogo. Wao walileta majina ya kila mwamba, kila mkondo, kila mahali pa pweza, hata jiwe la kupumzikia njiani. Ukitaka kujua nchi inaitwaje, muulize anayeitembea kwa miguu. Jina la Ndagoni lenyewe lilituchukua jioni nzima barazani. Wapo wanaosema linatokana na ndago, yale majani yanayowasumbua shambani; wapo wanaosema ni dago, kambi ya wavuvi. Tumeandika yote mawili. Mzee mmoja alisema wote tumekosea, lakini alikataa kutwambia jibu lake kabla hajaletewa kahawa, na kahawa ilipofika ulikuwa umeadhiniwa Isha. Katibu amfuatilie.

Tumepokea ombi kwamba tuingize na kisiwa cha Misali katika kazi zetu, kwa kuwa wavuvi wetu wengi hulala huko dago na ndiyo inayoonekana ukisimama kwenye magofu. Kila mtoto wa hapa anajua hadithi ya Nabii Khidhri aliyeomba msala wa kusalia, akakosa, akakitumia kisiwa. Lakini Misali ni eneo la hifadhi tangu mwaka 1998 na ina kamati zake za wavuvi. Kamati yangu imeona tushirikiane, tusijitwike. Tukishindwa na mti mmoja, tuache kisiwa.

Njia ya kutoka Ndagoni kwenda magofuni bado ni mbovu. Masika ilikatika mara mbili, na wageni wengi wanakuja kwa boti kupitia upande wa bahari, maana yake hawapiti vijijini, hawanunui hata dafu. Nimesikia hoja kwamba ubovu wa njia ndio unaoyalinda magofu. Labda. Lakini mama mjamzito naye anapita njia hiyo hiyo. Inashangaza kidogo: umeme wa kisiwa chetu unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na tangu mwaka 2010 unatua kwenye ras hii. Nuru ya Pemba inapita kwetu na gari haipiti. Barua tumeshaiandika, na tutaiandika tena.

Hesabu atazisoma Mshika Fedha. Nitasema tu kwamba ada hazilipwi kwa wakati, na kwamba wanaolalamika chai ni nyepesi ndio hao hao.

Mambo mawili nayaleta kwenu muyaamue leo. La kwanza, kamati inapendekeza kwamba kuanzia sasa isifanyike kazi yoyote juu ya ukuta, hata ya kupalilia, bila ya ruhusa ya maandishi na bila ya fundi anayejulikana kuwapo. Mwenyekiti naye asiruhusiwe, hasa huyu. La pili, kwenda kuangalia msikiti wa Kizimkazi Dimbani kule Unguja, ambao maandishi yake ya Kikufi, hati ya zamani ya Kiarabu, yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Ni mkongwe kuliko wetu tunaouona, na bado unasaliwa. Nataka tukawaulize watu wa kule wanalipakaje paa, nani anafagia, nani analipa chokaa. Wetu ulibaki bila ya mji. Kufikia karne ya 16 watu walikuwa wameshahama. Wao hawakuhama. Nauli kila mtu ajilipie.

Tanuu la kwanza la majaribio tutalipanga Jumamosi baada ya mkutano huu, nyuma ya nyumba ya sheha, ruhusa tunayo. Wenye magogo ya mnazi yaliyoanguka wayalete kuanzia Alkhamisi. Wanaokuja kusaidia waje na mapakacha, majembe na ndoo za maji. Mapanga yaacheni nyumbani.

Wabillahi tawfiq.