Jina la Moshi Lilishuka Mlimani

Mwanangu mpendwa,

Swali lako limenifurahisha mno. Unasema wenzako huko Tanga wanashikilia kwamba mji wetu uliitwa Moshi kwa sababu ya moshi wa treni. Ni kweli reli ilianzia huko ulipo, ikafika kwetu mwaka 1911. Lakini Mangi (yaani mtawala wa Wachaga) Rindi, aliyefariki mwaka 1891, alikuwa tayari akijulikana kama Mangi wa Moshi. Waambie jina lilitangulia reli.

Tena Moshi yake haikuwa hapa penye stendi na soko. Ilikuwa kule juu migombani, tunakokuita leo Old Moshi, ambako Wajerumani walimnyonga mwanawe, Mangi Meli, mwaka 1900. Reli ilipita tambarare, stesheni ikajengwa huku chini, mji ukakua kuizunguka na jina likashuka. Wenye jina wakabaki kuitwa "Old" kwenye ardhi ya babu zao. Hilo huniuma kila ninapopita njia ile.

Arusha nayo ni jina lililohama. Ukishuka kutoka hapa Moshi hadi kwenye mashamba ya miwa ya kampuni ya sukari ya TPC, uko Arusha Chini. Waarusha husimulia kwamba wazee wao walitoka huko, na katika karne ya 19 wakawa wamekaa kwenye miteremko ya Mlima Meru, jina wakiwa nalo.

Kwa hiyo usikimbilie Kiswahili kila usikiapo jina. Uliza kwanza waliokaa pale walisema lugha gani. Kwa Kimasai, ngare ni maji. Ngare Nairobi, kule Siha, ni maji baridi, na jiji kuu la Kenya limepata jina lake kutoka maneno hayohayo. Ngarenaro ya Arusha, kwa shangazi yako, nayo inaanza na maji. Sishangai: mfugaji akifika mahali, cha kwanza anachotafuta ni pa kunyweshea ng'ombe.

Ukifunga shule Desemba tutapanda Old Moshi. Kuna wazee wa ukoo wanaojua jina la kila kijito na kila mfereji, na aliyeuchimba. Vijana wachache sana wanawauliza. Njoo na daftari, na uje na majina ya mitaa ya huko Tanga uliyokwisha kuyaulizia.

Bibi yako anakusalimu sana.

Baba yako