PSA ikipanda sio lazima iwe kansa

Mhariri, salamu kutoka Ngamiani, Tanga. Naomba nafasi kidogo maana hili limenikaa moyoni. Baba yangu alipimwa damu, PSA (kile kipimo cha tezi dume) ikasoma 11, akapewa karatasi tu bila maneno, mzee wa watu akarudi nyumbani akaanza kugawa shamba la minazi, siku nne hali wala halali jamani. Kumbe alikuwa na UTI! Daktari mwingine ndo akatuelewesha kwamba wengi huanza kutilia shaka ikivuka 4, ila tezi dume ikitanuka tu kwa uzee, au mkojo ukiwa na maambukizi, au mtu katoka kuendesha baiskeli mwendo mrefu (na sisi Tanga kwa baiskeli ndo wenyewe), namba inaweza kupanda. Akatumia dawa, tukarudia baada ya wiki nane, ikashuka mpaka 3. Kina mama nao hivyohivyo, CA-125 (kipimo cha damu kinachohusishwa na kansa ya ovari) kuzidi 35 inaweza kuletwa na hedhi, mimba au faibroidi. Kansa yenyewe inathibitishwa kwa kukata kinyama kikapimwe. Wahudumu wetu, nawaomba sana, mkalisheni mgonjwa mumweleze hata dakika tano kabla hajaondoka na ile karatasi. Na wewe uliyepata namba kubwa usijifiche nayo ndani, rudi kwa daktari ujue inatoka wapi.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga