Wenye matipa, wazazi na zahanati tukae meza moja, watoto wanakohoa

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi niongelee vumbi na moshi unaowakaba watoto wetu hapa Dodoma kila kiangazi.

Mi naishi Nkuhungu, mwanangu wa pili yuko darasa la tatu na ana pumu. Mwezi wa saba ukiingia na ule upepo wake ndo shida inaanza, usiku anaamka anakaa kitako kitandani mabega yamepanda juu, ukimfunua shati unaona ngozi inazama katikati ya mbavu kila akivuta pumzi, hapo hujui umshike kwanza au ukatafute bodaboda. Mwaka jana nilikimbia nae zahanati mara nne, na kwenye lile benchi la kusubiri mashine ya mvuke nikawa nakutana na akina mama walewale, wa mtaa wetu, watoto wa shule ileile. Ndo nikaanza kujiuliza kuna nini pale shuleni.

Shule iko pembeni ya barabara ya vumbi, matipa yanapita hapo na moramu na kokoto kwenda saiti. Simlaumu mtu kwa kujenga, mji umekua, sensa ya 2012 ilitukuta laki 4 na kidogo, ya 2022 ikakuta tumepita laki 7 na 60, lazima watu wapate pa kuishi. Ila siku moja nilisimama getini asubuhi, watoto wanaingia, kwa nusu saa nikahesabu matipa 17 na mawili tu ndo yalikuwa yamefunikwa turubai. Nyuma ya shule kuna jalala linachomwa muda huohuo, mifuko, chupa za plastiki, kuna siku na tairi, na jikoni uji unapikwa kwa kuni.

Watu wananiambia mama fulani, vumbi la Dodoma lipo tangu enzi za mababu. Ni kweli, mvua zetu ni miezi michache na ardhi ikikauka inapeperuka tu. Lakini mababu hawakuvuta plastiki iliyoungua. Chembe za moshi ule ni ndogo mno, zinapita puani na kooni zinafika chini kabisa kwenye mapafu na nyingine zinaingia mpaka kwenye damu. Na mtoto anapumua haraka kuliko sisi, mapafu yake bado yanakua, halafu kwa kimo chake yuko usawa wa ekzosi ya gari. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango cha mwisho inachoshauri cha chembe hizo hewani kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, maana yake hata kile kidogo tulichokuwa tunakiona hakina neno kumbe kinaumiza.

Mwezi wa nane nikachana shuka jeupe vipande viwili nikavilowanisha, kimoja nikakitundika dirisha la darasa la tatu kwa ruhusa ya mwalimu, kingine nikakiweka kabatini nyumbani. Baada ya siku tatu cha shule kilikuwa rangi ya chai ya maziwa, ukikifikicha kinakwaruza vidole. Nikampelekea mwenyekiti wa mtaa, nashukuru hakunifukuza, aliitisha kikao na hakuita wazazi peke yetu, aliita madereva wa matipa, msimamizi wa saiti, vijana wa taka, walimu na nesi wa zahanati. Nesi akaeleza miezi gani watoto wa kifua wanajaa. Vitambaa vikazunguka mkono kwa mkono, dereva mmoja akakishika kile cha shule muda mrefu kisha akasema nami nina wawili hapo, hamna mtu aliyewahi kuniambia.

Tukakubaliana matipa yafunikwe na yasipite pale kuanzia saa 12 na robo mpaka saa 2 kasorobo asubuhi, saiti itoe boza la maji limwagie barabara kila asubuhi, taka zisichomwe, kila kaya itoe buku kwa wiki vijana wazibebe. Na ikawa hivyo, wiki tatu nzima mwanangu alilala usiku.

Kisha msimamizi akabadilishwa, mpya akasema hayo makubaliano hayajui na kwenye mkataba wake hayamo. Hapo ndo naomba Jiji letu litusaidie, kabla ya kutoa kibali cha ujenzi au cha kubeba moramu karibu na shule iandikwe humo turubai, maji na saa za kupita, na mtaa upewe nakala. Sheria ya mazingira tunayo tangu 2004 lakini afisa hawezi kusimama kila geti, sisi wazazi tupo hapo kila siku. Vyuo vyetu navyo viangalie wenzao wa Makerere kule Kampala, kupitia mradi wa AirQo wametengeneza vipimo vya hewa vya bei nafuu na vingine wamevifunga kwenye bodaboda, UDOM wako hapa hapa kilimani na vijana wa kompyuta wamejaa. Kuhusu kuni, katazo kwa taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 lilianza Januari 2024, shule isaidiwe jiko na gesi, mwalimu mkuu hawezi kuvitoa mfukoni. Miarobaini nayo tupande upande upepo unakotoka, ila na zamu ya kumwagilia iwepo maana mingi tuliyopanda toka kampeni ya Kijanisha Dodoma ya 2017 imekufa kiangazi au imeliwa na mbuzi.

Wiki hii boza limepita Jumatatu na Jumatano tu. Kitambaa kingine nimeshakitundika dirishani, Ijumaa nakitoa nampelekea msimamizi mpya mkononi, na mwenyekiti kasema tutaenda wote.

Mama wa darasa la tatu,
Nkuhungu, Dodoma